Nafundisha Muscat, nyumbani Tabata natafutwa kwa michango tu

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Tabata, Dar es Salaam. Nimeolewa na tuna watoto wawili. Nilikuwa nikifundisha shule binafsi ya msingi hapo hapo Dar mpaka nilipopata mkataba wa kufundisha katika shule binafsi mjini Muscat, Oman. Mume wangu, ambaye ni mfanyakazi wa bandarini, aliridhia niende, na tukaelewana kwamba mkataba ule wa kwanza ungetusaidia kulipa ada ya kijana wetu aliyeko sekondari ya bweni na kuanza ujenzi wa nyumba yetu Chanika. Mkataba wa kwanza uliisha nikaongeza wa pili, na huu wa pili unaisha mwezi Juni. Mkuu wa shule ameshaniuliza kama nitasaini tena, safari hii kwa miaka miwili.

Sitaki nionekane ninayalalamikia maisha ya huku. Wanafunzi wangu wana adabu, mshahara unaingia kwa wakati, na upweke wa hapa si ule ninaousikia kwa wenzangu walioko Ulaya, kwa kuwa mtu unaweza kwenda sokoni Matrah ukasalimiwa kwa Kiswahili na mzee mwenye asili ya Unguja, akakuuliza habari za nyumbani kana kwamba ametoka huko jana. Kinachoniumiza kiko Dar.

Binti yetu yuko darasa la nne, na mwaka huu atafanya upimaji wa kitaifa. Nikipiga simu ananiamkia, ananiambia shule nzuri na chakula amekula, kisha anampa simu baba yake. Hisabati inampiga chenga, kwa hiyo tumemtafutia mwalimu wa tuisheni anayekuja nyumbani jioni, na fedha za kumlipa ninazituma mimi. Nimelifikiria jambo hili hadi machozi yakanitoka, kwamba ninawafundisha watoto wa watu sehemu na desimali, halafu natuma fedha ili mtu mwingine amfundishe mwanangu somo lile lile.

Jambo la pili ni msiba. Mwaka jana bibi yangu mzaa mama aliugua huko Muheza, akalazwa, akarudishwa nyumbani, akafariki na akazikwa, nami nikaambiwa siku iliyofuata mazishi. Walisema hawakutaka kunipa presha. Najua maiti hacheleweshwi, na sikutarajia mtu anisubiri. Lakini ugonjwa ule ulichukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo hizo kikundi cha ukoo cha WhatsApp kilinikumbusha mara kwa mara mchango wa sendofu ya binamu yangu, bila hata mtu mmoja kuandika kwamba bibi amelazwa.

La tatu ni kiwanja cha Chanika. Kilinunuliwa nikiwa huku, kwa hiyo mkataba wa mauziano uliandikwa kwa jina la mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye anayesimamia ujenzi. Boma limesimama, bado kupaua. Nikimwuliza hesabu za nondo na saruji, ananijibu kwa kifupi kwamba vitu vimepanda bei. Sina ushahidi wa ubaya wowote, na ninampenda. Mume wangu hataki kuliingilia kwa sababu huyo ni ndugu yangu, na mimi naona haya kumdai risiti mtu niliyembeba mgongoni.

Kuhusu mkataba mpya, kila nikimwuliza mume wangu ananijibu, "Wewe ndiye unayejua." Zamani mambo kama haya tulikuwa tukiyabishania hadi usiku wa manane.

Naomba unishauri, Mama. Nisaini au nirudi? Na nikisaini, nifanye nini ili nisigeuke kuwa mtumaji wa fedha tu katika nyumba yangu mwenyewe?

Ni mimi, Mwalimu wa Tabata, niliyeko Muscat.

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na poleni sana kwa msiba wa bibi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Swali lako la kusaini au kurudi umeliweka mwisho, nami nitaliacha mwisho, kwa sababu sioni namna ya kulijibu vizuri kabla hatujayatazama hayo mengine. Ninavyoisoma barua yako, umbali peke yake haukukutoa katika nyumba yako. Kila kazi uliyokuwa ukiifanya kwa mikono yako na kwa akili yako imepata mtu wa kuifanya badala yako, na wewe ukabakiwa na kazi moja tu ya kumlipa mtu huyo. Binti ana mwalimu, ujenzi una msimamizi, wagonjwa wana wauguzi. Ili urudi ndani ya familia yako, hata kama mwili utaendelea kuwa Muscat, huna budi kuzichukua tena baadhi ya kazi hizo.

Anza na hisabati ya binti yako. Mlipe mwalimu wa tuisheni haki yake yote, mshukuru, kisha somo hilo lichukue wewe. Mtoto wa darasa la nne hana ufundi wa kuisimulia siku yake kwenye simu, na ukimwuliza habari za shule atakujibu "nzuri" kwa sababu hilo ndilo jibu alilofundishwa kuwapa watu wazima. Lakini mtoto huyo huyo akiwa ameinamia daftari, anahangaika kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, atakuambia bila kuulizwa kwamba rafiki yake amehama shule, kwamba jana baba alichelewa kurudi, kwamba kuna mwalimu anamwogopa. Hayo ndiyo mazungumzo unayoyatamani, na hayapatikani kwa kuyaomba. Wewe umekaa na watoto darasani miaka mingi, na bila shaka umewahi kumwona mwanafunzi mkimya akifunguka pale tu mnapokuwa mmeishika kazi pamoja.

Kuhusu ratiba, Muscat iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja tu, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni ya Tabata ni saa moja usiku kwako, nawe unakuwa umeshatoka kazini na kupumzika. Mapumziko ya mwisho wa wiki huko ni Ijumaa na Jumamosi, ilhali ya huku ni Jumamosi na Jumapili, na hivyo Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo nyote wawili hamna darasa. Ifanye iwe siku ya somo refu, na katikati ya wiki chagueni jioni mbili za nusu saa nusu saa. Kama simu ya video ya kawaida inasumbua, tumia zile programu za mikutano ambazo walimu wengi walijifunza kufundishia wakati wa korona. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania viko katika maktaba yake ya mtandaoni, kwa hiyo utaweza kufuata kitabu kile kile anachokitumia darasani badala ya kumchanganya kwa mtaala wa shule yako. Upimaji wa darasa la nne kwa kawaida hufanyika mwezi Oktoba, na kuna muda wa kutosha wa kumnyanyua. Mtume dukani na noti ya shilingi elfu tano, arudi akupigie hesabu ya chenji. Mwache akueleze alipokosea kabla hujamwonyesha. Haya unayajua kuliko mimi. Ninachokuomba ni umfanyie mwanao kile unachowafanyia watoto wa wenzako kila siku.

Kijana wa bweni hana simu, kwa sababu shule zetu haziruhusu. Mwandikie barua, karatasi halisi kwa mkono wako, na baba yake ampelekee siku ya kutembelewa wazazi. Vijana wa umri wake hawasemi kwamba wamefurahi, lakini barua wanazitunza.

Sasa nije kwenye ugonjwa wa bibi. Desturi ya kumficha habari mbaya aliye mbali imeenea sana kwetu, na wanaoifanya wanaamini kwamba wanakuhurumia. Mimi naiona kuwa huruma inayoumiza, kwa sababu mtu asiyeambiwa ugonjwa ananyimwa nafasi ya kuomba dua, ya kuzungumza na mgonjwa akiwa bado anasikia, na ya kuamua mwenyewe kama atasafiri au hatasafiri. Zungumza na mama yako na mjomba wako mkubwa, usiwatumie ujumbe, na uwaombe jambo moja lililo wazi: mtu wa familia akilazwa, wewe uambiwe siku hiyo hiyo. Kisha utakapoambiwa, pokea habari kwa namna ambayo itawafanya wasijute kukwambia. Usiulize kwanza gharama ni kiasi gani. Omba simu ipelekwe kwa mgonjwa. Na utakapokuja likizo, nenda Muheza, lizuru kaburi, kaa na wale waliomuuguza bibi, wakusimulie siku zake za mwisho. Na kama arobaini imeshapita, hakuna kinachowazuia kusoma hitima mkiwa pamoja.

Umewataja wazee wa Matrah, na ningependa ukae nao zaidi. Wengi wa familia hizo walihamia Oman baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wengine walivutwa huko baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, na hadi leo unawakuta watu wazima waliozaliwa Muscat ambao Kiswahili chao ni cha nyumbani kabisa. Waulize walifanyaje. Nadhani watakuambia habari za lugha iliyozungumzwa jikoni kila siku, za ndugu wa Unguja na Pemba waliotajwa kwa majina mbele ya watoto, za safari za harusi na misiba. Watu hao walilishika jambo hili wakati ambapo simu zilikuwa ghali na barua zilichukua muda mrefu kufika, na wanaweza kukufundisha zaidi ya ninavyoweza mimi niliyeko huku.

Kuhusu michango, kaa na mume wako mpange kiasi cha kutoa kwa mwaka mzima kwa ajili ya harusi, kicheni pati, sendofu na misiba ya ukoo, na kiasi hicho kikiisha kimeisha. Fedha zipitie kwa mume wako, ili anayeonekana akichangia liwe ni jina la nyumba yenu wala si la mtu aliyeko Arabuni. Watakaonung'unika watanyamaza.

Sasa Chanika, na hapa sitaki kuuma maneno. Kiwanja kilichoandikwa kwa jina la mdogo wako ni cha mdogo wako mbele ya mtu yeyote asiyejua maelewano yenu. Sisemi hivyo kwa kumshuku. Hebu fikiri, Mungu apishe mbali, mdogo wako akifariki ghafla, mjane wake na watoto wake watakuwa na haki ya kuamini kwamba boma lile ni sehemu ya mirathi ya baba yao, na wewe utajikuta unagombana mahakamani na yatima unaowapenda. Mweleze kwa maneno hayo hayo, kwamba unataka kuwalinda watoto wake na wako wasije wakagombana. Kama ni mkweli, ataona mantiki yake.

Mtafuteni wakili hapo Dar aandae hati inayohamisha umiliki, mdogo wako aisaini mbele ya mashahidi, ofisi ya Serikali ya Mtaa iwe na taarifa, kisha maombi ya upimaji na hati miliki yaandikwe kwa majina yako na ya mume wako kwa pamoja. Kwa kazi hii huhitaji kukata tiketi, kwa kuwa unaweza kumpa mume wako hati ya uwakilishi, yaani idhini ya kisheria ya kusaini kwa niaba yako, na Ubalozi wa Tanzania uko hapo Muscat kwa shughuli za kuthibitisha nyaraka za namna hiyo. Mwulize wakili kwanza anaihitaji katika muundo gani, usije ukairudia.

Na kuhusu hesabu, kuna jambo hukulitaja, nalo ni kama mdogo wako analipwa chochote. Mtu anayepanda daladala hadi Chanika siku zake za mapumziko, akasimama juani na mafundi, akabishana bei ya saruji, halafu akaulizwa risiti na dada yake aliyeko ughaibuni, anaweza kujibu kwa mkato kwa sababu ya uchovu tu. Mpangie posho ya usimamizi inayojulikana. Ukishamlipa, hesabu zinakuwa sehemu ya kazi, na haya inawatoka nyote wawili. Kwa hatua ya kupaua, fundi aandike kwanza orodha ya mbao za kenchi, bati na misumari, duka la vifaa vya ujenzi liandike bei, na fedha ziende moja kwa moja dukani. Mume wako naye ashirikishwe, kwani nyumba ile ni yake pia, na kumwacha pembeni kwa sababu msimamizi ni ndugu yako kumechangia ule ukimya unaokusumbua.

Jibu lake la "wewe ndiye unayejua" nimelitafakari sana. Hilo ni jibu la mtu aliyezoea kuulizwa baada ya mambo kuiva. Aliridhia mkataba wa kwanza kwa moyo wake. Wa pili hukusema kama mlikaa mkaujadili. Safari hii usimwulize kama usaini. Mweke mezani kila kitu: unapata kiasi gani, umeweka akiba kiasi gani, ada ya kijana imebaki ya miaka mingapi, kupaua kutagharimu nini, na malipo yako ya kumaliza mkataba yatakuwa kiasi gani. Hesabu hapo na pensheni yako. Michango yako ya NSSF ya miaka uliyofundisha Dar ipo, lakini pensheni ya uzee inadai michango ya miezi 180, kwa hiyo uliza miezi uliyonayo na namna ya kuendelea kuchangia kwa hiari ukiwa nje. Halafu mwulize yeye maswali ambayo wewe huna majibu yake. Ni nini kimemlemea zaidi katika kumlea binti peke yake? Ni jambo gani angependa lisirudiwe? Mazungumzo haya yasifanyike kwa simu. Kama likizo ya Idd huko ni ya siku za kutosha, njoo, kwa kuwa safari ya ndege ni ya saa chache tu.

Kwa upande wangu, nisingesaini miaka miwili. Mkataba wako unaisha Juni, binti yako anapimwa Oktoba, na kijana wako anakua haraka kuliko nyumba ya Chanika. Kama hesabu zenu wawili zitaonyesha pengo halisi la fedha, lenye tarakimu na jina, basi omba mwaka mmoja kwa ajili ya pengo hilo tu, na mume wako akubali kwa kinywa chake mwenyewe. Shule ikikataa mwaka mmoja, rudi Juni. Mwalimu wa hisabati mwenye uzoefu wako hatakaa muda mrefu bila kazi Dar es Salaam, ila anza kuandika barua za maombi sasa, kwa sababu shule zetu hupanga walimu wa muhula wa pili kabla ya Julai na wa mwaka mpya kabla ya Januari.

Na ukibaki kwa mwaka huo mmoja, likizo yako ichukue Juni mara shule yenu itakapofunga, wala usisubiri Agosti. Watoto wetu wako nyumbani mwezi Juni na hurudi darasani mapema Julai. Anayekuja Agosti anakuta nyumba tupu kutwa nzima. Mkuu wa shule mwombe kwa maandishi akupe muda wa kujibu hadi baada ya Idd, na usimpe hata dokezo la jibu kabla hujakaa na mume wako.